Siku Mbili Ziwani: Anasa au Haki ya Ndoa?

Mpenzi msomaji, maswali mengi yanayofika katika ukurasa huu ni ya ulevi, ya wakwe, ya fedha na ya watoto wasiosikia. Safari hii swali limetoka mbali kidogo, na kwa kuwa limenikosesha usingizi kwa majuma kadhaa, nimeona afadhali nilijibu hadharani ili nawe upate kulipima.

Mama mmoja Mkenya ni muuguzi katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja katika ndoa. Mumewe anafanya kazi katika bohari la mizigo. Mama ana zamu za usiku, baba ana zamu za asubuhi. Anasema wanakutana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivivaa, na hapo hupeana habari za nyumba kama walinzi wanaopokezana lindo: mtoto amekula, mdogo ana kikohozi, bili ya stima imekuja. Hawagombani. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa jambo linaloweza kutajwa. Ila mama huyu ameomba kitu kimoja tu, nacho ni kwamba kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili waende wawili peke yao katika ziwa la Bled, nchini Slovenia, mahali ambapo wenzake wa kazini hupenda kwenda mwisho wa juma. Mume amekataa. Amesema kwamba pesa za kulala hotelini siku mbili ili kutazama maji ni karo ya mtoto wa marehemu dada yake kule nyumbani, na kuzitumia hivyo ni kumwibia yatima. Mama anauliza: Je, ninachoomba ni dhambi?

Kabla ya kujibu ni vizuri tujue wanabishania nini. Bled ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Slovenia, chini ya milima ya Alpi. Kutoka Munich ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Unapita Salzburg na Villach katika nchi ya Austria, unaingia katika handaki la Karavanke, lenye urefu wa karibu kilomita 8, lililofunguliwa mwaka 1991, na ukitokea upande wa pili umeshafika Slovenia. Ziwa lenyewe si kubwa. Urefu wake ni kilomita 2 na kidogo, upana haufiki kilomita moja na nusu, na kina chake ni kama mita 30. Ukilizunguka kwa miguu utatembea kilomita 6. Msomaji wa Kisumu atacheka, kwa maana ziwa kama hilo lingepotea katika pembe moja ya Nyanza. Lakini watu hawalifuati kwa ukubwa. Mashua za injini zimekatazwa, kwa hiyo maji yametulia. Juu ya mwamba, zaidi ya mita 100 kutoka majini, iko ngome ya kale ambayo maandishi yalianza kuitaja mwaka 1011. Na katikati ya ziwa kuna kisiwa kidogo, na juu ya kisiwa kuna kanisa la Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Watu huvushwa kwa mashua za mbao zenye sakafu bapa na paa la turubai, ziitwazo pletna, na mpiga makasia husimama wima nyuma akisukuma makasia mawili. Kazi hiyo ni ya kurithi katika familia za kijiji cha Mlino kandokando ya ziwa, na inasimuliwa kwamba malkia Maria Theresa ndiye aliyewapa haki hiyo katika karne ya 18.

Basi huko ndiko mama anakotaka kwenda. Sasa tumsikilize baba, maana anastahili kusikilizwa.

Baba huyu si bahili. Ukisoma barua ya mkewe kwa makini unaona mtu anayelipa karo za watoto wasio wake, anayemnunulia mama yake dawa za shinikizo la damu, na ambaye kila simu inayoingia kutoka nyumbani ina hesabu ndani yake. Sisi tulio huku tunajua jinsi mtu aliye ng'ambo anavyotazamwa. Anaonekana kama mti wa maembe ulioko kando ya njia, kila apitaye ana haki ya kurusha jiwe. Mtu wa namna hii akisema kwamba hawezi kulala kitanda cha hoteli huku yatima amefukuzwa shuleni, tusimwambie kwamba amekosa mapenzi. Yatima yupo kweli, na karo ni deni kweli. Na iwapo karo hiyo haijalipwa, na hakuna pesa nyingine, basi mimi nasema wazi: ziwa lingoje. Halitahama. Pia nasema wazi kwamba mtu asikope kwa ajili ya mapumziko. Wanandoa wanaokwenda kupumzika kwa mkopo hurudi na mtu wa tatu nyumbani, naye hukaa mezani kila mwisho wa mwezi.

Lakini kuna neno moja ambalo ningependa kumwuliza baba huyu, na nakuomba msomaji ujiulize nawe. Mlipobadilisha gari mwaka jana, yatima alitajwa? Ulipotoa mchango katika kamati ya harusi ya mtu ambaye hata jina la baba yake hulijui, yatima alitajwa? Siku uliponunua simu mpya? Nimeona katika nyumba nyingi kwamba yatima huitwa atoe ushahidi siku moja tu, nayo ni siku ambayo mke ameomba kitu. Matumizi mengine yote hupita bila shahidi. Hapo ndipo ninapoanza kushuku kwamba tatizo si pesa.

Tena kuna jambo ambalo watu wakarimu hawapendi kuambiwa. Pesa unayotuma nyumbani ina mashahidi. Mama yako atakusifu, wazee watakutaja kwenye mkutano, mtoto atakuombea. Muda unaompa mke wako hauna shahidi hata mmoja. Hakuna atakayesimama katika sherehe aseme, fulani ni mtu mwema, alikaa na mkewe kando ya maji siku mbili akamsikiliza. Kwa hiyo hata mtu mwema huvutwa polepole kwenye wema unaoonekana, na ule usioonekana anauacha kwa kesho. Siku uliyofunga ndoa ulimwahidi mtu mmoja kwa jina lake, mbele ya Mungu na watu. Ukoo wako una haki juu ya mkono wako, na mimi ni Mwafrika, sitasema vinginevyo. Lakini mke ana haki juu yako wewe mwenyewe. Haki hizo mbili si moja, na huwezi kulipa ya pili kwa risiti ya ile ya kwanza.

Hata ng'ombe wa maziwa, anayemkamua ndiye anayemkatia majani. Wale wote wanaokula kutoka nyumba ile ya Munich wanakula kutoka kwa watu wawili. Ikiwa wawili hao wataendelea kuwa walinzi wa zamu tu, siku moja mmoja atagundua kwamba hamjui mwenzake, na siku hiyo karo ya yatima nayo itakuwa mashakani.

Pengine neno "mapumziko" ndilo linalomtisha baba. Anasikia pumziko, akilini anaona mvivu amelala kando ya bwawa na glasi mkononi. Basi na ajue jinsi Bled ilivyoanza kuwa mahali pa wageni. Mwaka 1855 Mswisi mmoja aitwaye Arnold Rikli alifungua huko nyumba ya tiba. Hakuwa daktari wa kusomea. Dawa yake ilikuwa jua, hewa, maji na kutembea. Matajiri wa Ulaya walimfuata, naye hakuwapa mito ya manyoya. Aliwalaza katika vibanda vya mbao, akawaamsha alfajiri, akawatembeza pekupeku kwenye umande wakipanda vilima, akawalisha chakula chepesi kisicho na nyama. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1906, na mji mzima wa Bled unakumbuka kwamba ulijengwa juu ya viatu alivyowavua watu. Mimi sina la kusema juu ya uganga wake. Ninachokiona ni kwamba hao matajiri walilipa ili waondolewe vitu: viatu, nyama, usingizi wa mchana, shughuli, barua. Walikwenda kupunguziwa. Wala siku mbili za namna hiyo hazihitaji hoteli kubwa ya ukingoni. Ziko nyumba za wageni za kawaida, na mwezi wa Oktoba huwa nafuu kuliko Julai na Agosti.

Sasa niseme habari ya kengele, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Katika kanisa la kisiwani wageni huvuta kamba na kupiga kengele iitwayo kengele ya matakwa. Wenyeji wanasimulia hivi. Zamani katika ngome ya Bled aliishi bwana mmoja, Hartman, na mkewe Poliksena. Bwana akauawa na wanyang'anyi, na mwili wake ukatupwa ziwani. Mjane akalia hata akakosa faraja. Akakusanya dhahabu na fedha yake yote, akaiyeyusha, akaamuru itengenezwe kengele kwa ajili ya kanisa la kisiwani, ili ilie kwa ukumbusho wa mumewe. Kengele ilipokuwa ikivushwa, dhoruba ikainuka, na mashua, wapiga makasia na kengele vikazama. Mjane akauza mali yote iliyobaki, akatoa pesa hizo kwa ujenzi wa kanisa jipya, akaenda Roma akawa mtawa. Alipokwisha kufa, Baba Mtakatifu alisikia habari yake akaagiza kengele nyingine ipelekwe Bled. Hiyo ni hadithi. Kengele iliyoko ni ya kweli, ilitengenezwa mwaka 1534 na Francesco Patavino wa Padua, huko Italia.

Wanaosimulia hadithi hii husifu upendo wa mjane, na mimi namheshimu. Lakini nikiitafakari nauliza swali ambalo wasimulizi hawaulizi. Dhahabu ile ilikuwa wapi Hartman alipokuwa hai? Ilikuwa masandukuni. Ilitolewa yote, mpaka kipuli cha mwisho, siku ambayo yule iliyekusudiwa kumfurahisha hakuwa tena na masikio ya kuisikia.

Msomaji, usidhani hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Tazama hapa kwetu mtu anapofariki. Kamati huketi jioni baada ya jioni. Kuna jeneza lenye vishikio vya kung'aa, kuna tangazo la gazetini na picha ya marehemu akitabasamu, kuna mabasi, mahema, vipaza sauti, fahali wawili, maua yaliyotoka Naivasha. Mume anayelia pale mbele huenda hakuwahi, katika miaka ishirini, kumpeleka mke huyo mahali popote ambapo hakuwa na kazi ya kufanya. Alimpeleka kwa mama yake, akapika. Alimpeleka kwenye harusi, akapika. Sasa anamnunulia shada la maua kubwa kuliko mlango. Na hakuna mtu katika kamati anayesimama akasema, bwana, hii ni karo ya yatima. Mchango wa mazishi hauitwi wizi. Twauita heshima.

Mimi sipingi mazishi mazuri. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Ninachouliza ni hiki: kwa nini shilingi inayotumiwa juu ya maiti ya mke iwe safi, na shilingi hiyohiyo ikitumiwa juu ya mke aliye hai iwe wizi? Nimewauliza watu wengi, na jibu nililopata mara nyingi ni kwamba watu watasemaje. Sawa. Basi tukubaliane kwamba tunachoogopa ni watu, wala si yatima.

Kwa hiyo mama, jibu langu kwako ni kwamba huombi dhambi. Unaomba kitu ambacho ni haki yako, mradi karo imelipwa na pesa si za mkopo. Hilo nimelimaliza. Lakini nina neno kwako pia, nalo si tamu sana.

Unaandika kwamba ukifika huko "mambo yatarudi kama zamani." Dada yangu, ziwa haliponyi ndoa. Maji ni maji. Kinachofanywa na mahali kama Bled ni kuwaondolea visingizio. Nyumbani mna zamu, mna watoto, mna simu kutoka Kenya, mna nguo za kufua. Hayo yote mnayalaumu, na ni kweli yanawachosha, lakini pia yanawaficha. Kule hakuna zamu. Jumamosi saa kumi na mbili jioni mtakuwa mmekwisha kulizunguka ziwa, mmekwisha kula ile keki yao ya malai inayopikwa huko tangu mwaka 1953, yenye sentimita 7 kila upande, mmekwisha kupiga picha ya ngome. Mtaketi kwenye benchi. Na hapo mtabaki wawili, bila cha kushika mkononi. Watu wengi wanajua saa hiyo inakuja, na ndiyo sababu hawaendi. Sidhani mumeo anaogopa bili tu. Inawezekana anaogopa benchi. Mwanamume aliyezoea kuthibitisha upendo wake kwa kutuma pesa, akiwekwa mahali ambapo pesa haina kazi, hujiona uchi.

Kwa hiyo usiigeuze benchi ile iwe kizimba cha mahakama. Nawajua akina mama (na akina baba, lakini zaidi akina mama, samahani) wanaotunza mashtaka mwaka mzima wakingoja siku ya utulivu ili wayasome yote, la kwanza hadi la mwisho, na tarehe zake. Mume aliyevuka mpaka wa nchi mbili akakaribishwa hivyo, hatakubali safari nyingine mpaka azeeke. Kama kuna shtaka zito, lisemeni nyumbani kabla ya kuondoka. Ziwani ulizaneni mambo ambayo hamjayajua. Mwulize ni nini humpitia akilini anapotembea kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri. Umekaa naye miaka kumi na mmoja, hujui. Naye hajui wewe unawaza nini usiku wa manane mgonjwa anapokata roho mikononi mwako, halafu unanawa, unakuja nyumbani na kuulizwa kama mkate umebaki.

Kuna desturi moja ya pale kisiwani ambayo umeitaja kwa hamu. Kutoka gatini hadi kanisani kuna ngazi za mawe 99, zilizojengwa mwaka 1655. Wanaofunga ndoa katika kanisa lile wana mila kwamba bwana harusi ambebe bibi harusi mikononi kutoka ngazi ya chini mpaka ya juu, na kwamba bibi harusi anyamaze kimya njia yote. Umemwambia mumeo akubebe, kwa kuwa siku ya arusi yenu hamkuwa na mambo kama hayo, naye amejibu kwamba mgongo wake umeharibiwa na bohari.

Mila hii sina ugomvi nayo kwa siku ya harusi. Kijana ana nguvu, bibi harusi ana aibu, watu wanapiga makofi. Lakini tuitazame vizuri. Mmoja anabeba, mwingine anabebwa na kunyamaza. Ndoa ya namna hiyo inaweza kwenda ngazi 99. Haiwezi kwenda miaka kumi na mmoja. Na kama nikiwahesabia vizuri, nyinyi mmekwisha kubebana mara nyingi. Mwaka ule mumeo alipokosa kazi, umeandika mwenyewe kwamba ulifanya zamu za usiku mfululizo mpaka miguu ikavimba. Nani alimbeba nani? Na ulipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, yeye ndiye aliyekuwa akikuinua kitandani na kukuosha, mwanamume wa kwetu, ambaye mama yake hajawahi kumwona akiosha hata sufuria. Nani alimbeba nani? Tatizo lenu ni kile kipande cha pili cha mila. Mnabebana kimya. Kila mmoja anafikiri mwenzake hakuona. Ukimwona anapumua kwa shida kwenye ngazi, usimdai akunyanyue. Mkumbushe ule mwaka wa kuoshwa kitandani. Mwambie uliona.

Machache ya kumalizia, maana nafasi inakwisha. Watoto wawaacheni kwa ile familia rafiki mliyoitaja, na mwarudishie wema huo mwezi unaofuata kwa kuwatunza watoto wao. Mama mkwe aambiwe ukweli kabla ya safari. Asiambiwe kwamba mmekwenda kwenye semina. Uongo mdogo wa kumridhisha mzazi hugeuka kuwa ugomvi mkubwa siku picha zitakapomfikia, na siku hizi picha hufika kabla ya mwenye nayo kurudi. Mwambieni tu: mama, tunakwenda kupumzika siku mbili, karo ya mtoto imeshalipwa. Nina hakika wazee wengi huelewa kuliko tunavyowadhania. Baadhi yao watauliza kwa nini mmechelewa hivyo. Picha nazo zipigeni, lakini msizirushe huku na huko mkiwa bado hapo. Mara tu mkizituma, mtaanza kusoma majibu, na mtakuwa mmewaalika watu mia mbili kwenye benchi ya watu wawili.

Wengine mnaosoma hapa mtasema, haya ni ya walio Ulaya, sisi hata nauli ya kwenda Nakuru ni mawazo. Najua. Lakini swali la baba yule liko hapa pia, limevaa nguo nyingine tu. Liko kwa mume asiyeweza kuketi na mkewe chini ya mti Jumapili alasiri kwa sababu majirani watasema amewekewa dawa kwenye chakula.

Mama aliuliza jambo moja la mwisho: kama ni ushirikina kuivuta ile kamba ya kengele na kutaja matakwa. Kengele ya kanisa iliwekwa iite watu kwenye sala. Ukiivuta ukisali, umefanya kazi yake. Ukiivuta ukidhani chuma kina uwezo wa kukupa unachotaka, hapo umepotea njia. Kwa hiyo vuteni, wawili mkishika kamba moja, na mwombe mliyokwisha kuambiana. Ila mjue kwamba mashua humngoja abiria kisiwani kwa muda mfupi, kama nusu saa au zaidi kidogo, kisha huondoka, na wakati wa wageni wengi foleni ya kengele huwa ndefu. Kama haitoshi kufanya yote mawili, iacheni foleni, mketi juu ya ngazi mpaka mwenye mashua awaite.